Mshona magunia wa Endasak aliyepewa kazi ya kuchora mipaka ya moto

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa Mlima Hanang bado umekalia mabati ya kiwanda, na Gaudensia Margwe amepiga magoti sakafuni, brashi mkononi. Pembeni yake kuna kopo la rangi ya njano. Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka, lakini mkono hauendi.

Sakafuni tayari kuna mistari mitatu ya njano. Wa kwanza uko hatua nne kutoka kwenye mashine ya kusaga, wa pili hatua saba, wa tatu unakaribia mlango. Yote ameichora yeye, ndani ya wiki mbili.

"Huu wa leo utakuwa wa nne, nitachekwa," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini nikiuacha nitakuwa nimedanganya. Sasa wewe uliyesoma, hebu niambie, vumbi linaishia wapi?"

Mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama kati ya mstari wa pili na wa tatu. Alitazama viatu vyake, akarudi nyuma kidogo, kisha akasogea tena mbele, kwa kuwa hakujua upande upi ndio wa salama.

Gaudensia ana miaka 41 na watoto watatu. Alizaliwa Gehandu, akaolewa Endasak, na kwa miaka tisa amefanya kazi katika kiwanda hiki kidogo kinachosaga mahindi na kukamua alizeti za wakulima wa vijiji vya huku mlimani wilayani Hanang. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia na kuandika majina ya wenyewe.

Tangu Mei amepewa kazi ya pili, ambayo mpaka leo hajui aiiteje anapoulizwa kanisani. Anagawa kiwanda mafungu kwa kufuata hatari ya moto na mlipuko. Analipwa Sh8,000 kwa siku, zile zile za kushona magunia.

"Nyongeza niliyopata ni brashi," anasema, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Alichaguliwaje? Mwenye kiwanda, Reginald, hafichi. "Mkaguzi wa zimamoto aliniambia nitafute mtu mmoja wa kusimamia mambo hayo. Nikaangalia nani ana mwandiko mzuri. Majina kwenye magunia ya Gaude yanasomeka hata ukiwa barabarani."

Mkaguzi huyo, Evelyne, alikuja mwishoni mwa Aprili na kuwafundisha kwa siku nzima. Aliwaeleza kwamba unga na pumba, vikiwa hewani kwa wingi, vinaweza kulipuka vikikutana na cheche. Kwa hiyo kila sehemu ya kiwanda ipewe kanda yake. Kanda 20 ni mahali ambapo vumbi liko hewani muda wote, mathalani ndani ya bomba la mashine. Kanda 21 ni pale linapotokea mara kwa mara kazi ikiendelea. Kanda 22 ni pale linapotokea mara chache na kutulia upesi.

Gaudensia aliandika yote kwenye daftari la mwanawe, kisha akafika nyumbani akaanza kukosa usingizi.

"Mimi shuleni nilijua wa kwanza ndiye mzuri na wa mwisho ndiye mbaya," anasema. "Huku namba ikipungua ndipo hatari inaongezeka. Nikajaza fomu nzima kinyume. Stoo ya mifagio nikaipa ishirini, bomba la unga nikalipa ishirini na mbili. Afande Evelyne alipoiona alishika kichwa."

Ndipo akaja na wazo la rangi, ambalo ni lake mwenyewe: nyekundu kwa 20, chungwa kwa 21, njano kwa 22, na kijani mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila wasiwasi. Mkaguzi alilikubali. Ramani na fomu iliyojazwa upya vinatakiwa vikabidhiwe Ijumaa ya wiki hii, na mwandishi amefika Alhamisi.

Kwa nini mshona magunia ahangaike kiasi hiki na mstari wa rangi? Anafunika kopo kwanza, anafuta mikono kwenye kanga.

Agosti ya mwaka jana, siku moja ya baridi kali, mwendesha mashine aitwaye Onesphory alipanda ngazi kufagia vumbi lililokuwa juu ya boriti za paa. Lilikuwa limekaa huko miaka. Chini, pembeni, kulikuwa na jiko la mkaa ambalo wateja waliota wakisubiri zamu. Vumbi lilishuka lote kwa pamoja.

"Ulikuwa moto wa muda wa kupiga chafya," anasema Gaudensia. "Ukaja, ukaisha. Lakini Onesphory alikuwa ndani yake."

Aliungua uso na mikono, akalazwa wiki tano. Amepona, anaishi kwao Dongobesh, analima vitunguu, na hataki tena kusikia habari za mashine.

"Jiko nililiwasha mimi," anasema Gaudensia. "Na ni mimi niliyemwambia, panda ufagie, leo tuna nafasi. Hakuna aliyenilaumu. Hata mke wake hakunilaumu. Ningefurahi angenitukana. Kwa hiyo siwezi kukosea mara ya pili. Mtu mwingine akiungua mahali ambapo mimi nimesema ni salama, sitaweza kuishi hapa Endasak."

Lakini kutokukosea kunahitaji kwanza kuelewa, na hapo ndipo penye kazi. Unga ule ule ukiwa kwenye gunia umetulia. Ukipigwa ufagio unageuka hatari. Mahali penye rangi ya kijani asubuhi panaweza kuwa njano saa nane mchana, mlango ukifunguliwa na upepo wa mlimani ukaingia. Ndiyo sababu ya ile mistari mitatu. Kila alipodhani ameushika mpaka, upepo uliusogeza.

Wateja nao hawamsaidii. Mzee Gidahosh, mfugaji aliyekuja na gunia moja la mahindi, anaambiwa asivuke mstari wa njano na kiko chake. Anauliza kwa nini. Anaambiwa unga unaweza kulipuka.

"Unga?" anasema mzee, akitazama huku na huku kutafuta nani mwingine amesikia. "Mama, mimi nimekula unga miaka sabini. Kama ungekuwa unalipuka, ningekuwa nimebaki mimi?"

Kila mtu anacheka, Gaudensia naye. Lakini anabaki amesimama pale pale mpaka kiko kinarudi mfukoni.

Jambo la kwanza alilofanya baada ya mafunzo ya Aprili lilikuwa kupiga marufuku jiko la mkaa ndani ya kiwanda. Hilo lilikuwa sahihi, na mkaguzi alimpongeza. Tatizo ni kwamba Juni ikafika. Watu wanaotembea na punda kutoka vijiji vya juu huanza safari kungali giza, na kufika hapa vidole vimekufa ganzi. Walizoea kuota moto wakisubiri zamu. Sasa wataota wapi?

Suluhisho lilitoka kwa Kornelia, mama wa miaka 58 anayepakia mashudu, yale mabaki ya alizeti baada ya mafuta kukamuliwa. Mashudu hutoka kwenye mashine yakiwa ya moto. Zamani waliyamwaga uani juu ya turubai, yakapoa siku nzima ndipo yakaingia kwenye magunia. Kornelia akauliza, kwa nini tulipoteze joto lake?

Gaudensia akaona ni akili kubwa. Akaagiza mashudu yafungwe yangali ya moto na magunia yapangwe kwa kubanana ndani ya stoo, ukutani, ili joto likae. Hakuna jiko, hakuna cheche, hakuna unga hewani. Mlango wa stoo akaupaka kijani, na akawaelekeza wazee na akina mama wenye watoto wakakae humo juu ya magunia.

"Nilijiona mjanja sana," anasema.

Saa nne asubuhi alimchukua mwandishi kwenda kuona stoo hiyo. "Twende nikupeleke mahali ambapo hata wewe hutachanganyikiwa," alisema.

Kornelia alikuwa amekaa juu ya magunia, miguu imening'inia, pamoja na akina mama wawili waliokuwa wakisubiri unga. Gaudensia alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, na mwandishi akakaribishwa kukaa. Baridi ilikuwa imeshamfika magotini. Alikaa, akahisi joto linapanda taratibu kupitia suruali, na kusema kweli hakutaka kuinuka.

"Leo limekolea," alisema Kornelia kwa furaha. "Jana halikuwa hivi. Leo mtu anaweza hata kusinzia."

Gaudensia alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mama, mkanda wa mashine ya kukamua ulikatika lini?"

"Jumatatu mchana."

"Na tangu hapo hatujaleta gunia jipya humu?"

"Tungelitoa wapi? Fundi hajafika."

"Na leo ni Alhamisi," alisema Gaudensia polepole. "Mama, chai ukiiacha mezani tangu Jumatatu, Alhamisi inakuwaje?"

Gaudensia alikunja mkono wa sweta, akaingiza mkono katikati ya magunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa haraka. Alinusa vidole. Mwandishi naye alinusa hewa, na ndipo akaipata ile harufu ambayo ilikuwapo muda wote: karanga zilizosahauliwa kwenye kikaango.

"Shukeni," alisema. "Wote shukeni. Polepole, msiruke, msitimue vumbi."

Mwandishi alishuka wa kwanza, na hilo analiandika hapa kwa aibu.

Uani, Gaudensia alimpigia simu Evelyne na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie. Alieleza magunia ni sitini na mbili, yana siku tatu, na joto linaongezeka badala ya kupungua.

"Kuna moshi?" aliuliza mkaguzi.

"Hakuna. Harufu tu."

"Watu wote watoke, wabaki watatu au wanne wenye nguvu. Maji yawe mlangoni kabla hamjagusa kitu. Toeni gunia mojamoja kuanzia pembeni, myaweke mbali na ukuta, mbali na hayo mengine. Msiyafungulie ndani. Mkiona moto, acheni, tokeni, mnipigie. Mimi natuma gari la zimamoto sasa hivi."

"Sawa afande. Lakini hii ni kanda ngapi?"

"Gaudensia, toeni kwanza magunia."

Waliyatoa. Gaudensia mwenyewe, Reginald aliyekuja mbio akiwa na suti ya kwendea benki, na vibarua wawili. Ya pembeni yalikuwa na joto la kawaida. Yaliyofuata yalihitaji kushikwa kwa gunia tupu lililoloweshwa. Gunia la ishirini na nane lilipoburutwa hadi uani, kitako chake kilibaki nyuma. Mashudu yaliyomwagika hayakuwa ya kahawia tena, yalikuwa meusi. Upepo ulipoyapiga, katikati yake pakawa pekundu.

Walimwaga ndoo sita. Mvuke ulipanda, ukanuka kote, mbwa wakaanza kubweka. Mzee Gidahosh alikuwa amesharudi nyuma hatua ishirini bila kuambiwa na mtu.

Gunia hilo lilikuwa chini kabisa ya mahali alipokuwa amekaa Kornelia.

Ilipofika saa saba magunia yote yalikuwa uani yametawanywa, na mengine manne yalikutwa yameungua katikati. Gari lilifika, likakuta kazi imekwisha, likayamwagia magunia maji ya mwisho na kuondoka. Gaudensia alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Naogopa," alimwambia mwandishi. "Moto umeshazimwa na bado naogopa. Nililitoa jiko ili watu wasiungue, halafu nikawapandisha juu ya jiko lingine. Na nikalipaka kijani."

Evelyne alipiga tena kuuliza hali. Gaudensia alirudia swali lake: ile stoo ni kanda ngapi?

"Haimo kwenye zile kanda," alisema mkaguzi. "Zile zinapima hewa inayoweza kulipuka. Hii ni kitu kinachojipasha moto chenyewe ndani kwa ndani, kikifungwa na joto lake. Ni hatari nyingine."

"Kwa hiyo nipake rangi gani?"

Upande wa pili wa simu zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Rangi ni zako, dada," alisema Evelyne hatimaye. "Mimi nitaenda kuuliza kwa wakubwa namna ya kuiandika. Wewe hakikisha tu mashudu hayaingii ndani kabla hayajapoa."

Kama msomaji amechanganyikiwa, hayuko peke yake. Hapa uani, mchana huo, hakukuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema kwa uhakika hatari iko wapi na imeishia wapi, hata mwandishi aliyekuja kuuliza maswali mepesi.

Aliyejua anachotaka alikuwa Reginald. Fomu ilitakiwa kesho. Alimwita Gaudensia ofisini, chumba chenye meza moja na kalenda, na kumwonyesha nafasi ya stoo ya mashudu.

"Acha kijani kama ilivyo," alisema, si kwa ukali. "Stoo sasa ni tupu. Tupu si salama? Tukiandika mambo ya leo watatufungia kiwanda. Msimu wa alizeti wenyewe ndio huu. Wiki mbili tu tukifungiwa, wakulima wanahamia kwingine na watu kumi na moja hawana kazi."

"Najua bosi. Mmoja wao ni mimi."

"Basi?"

"Basi nikiandika kijani, keshokutwa mtu atayarudisha mashudu humo, kwa sababu nimesema ni kijani. Watu hapa wananiamini kwa ajili ya hizi rangi. Mama Kornelia alikaa pale kwa sababu ya rangi yangu."

Reginald alitazama dirishani. Gaudensia alichukua kalamu. Aliandika polepole, herufi zimesimama wima, na mwandishi aliruhusiwa kunakili: "Stoo ya mashudu. Niliiweka kijani, nilikosea. Mashudu yalifungwa ya moto yakaungua ndani bila cheche. Kanda yake siijui. Naomba mje mwone kabla ya kusaini. G. Margwe."

Mwenye kiwanda aliisoma mara mbili. Alitoka nje, akalizunguka lile rundo jeusi lililolowa, akarudi na matope kwenye viatu vya benki.

"Ongeza kwamba tumezima wenyewe," alisema.

Gaudensia akaongeza. Reginald akasaini chini ya jina la Gaudensia.

Wakifungiwa au wasifungiwe, hilo litajulikana kesho, na Gaudensia anasema amejiandaa kwa yote mawili, ingawa uso wake hausemi hivyo. Anachofikiria zaidi ni swali ambalo Kornelia amemuuliza alasiri hii, akiwa amejifunga shuka mbili, bila lawama yoyote.

"Sasa mwanangu, kesho asubuhi hao wanaotoka mlimani wataota wapi?"

Kwa hilo ana mpango. Anataka kibanda cha mabanzi, chenye mabenchi mawili na jiko moja la mkaa, mbali na kiwanda, ili pasiwe na mtu yeyote anayeingia ndani kutafuta joto. Reginald ameahidi mabati ya zamani. Vibarua wameahidi Jumapili yao baada ya misa.

"Nikikipata kibanda hicho nitalala," anasema. "Watu wa huku huwezi kuwaambia wasiote moto. Utawaambia waote wapi."

Saa kumi jioni anatoka nje na kijiti mkononi kutafuta mahali pa kibanda. Anaanzia ukutani na kuhesabu hatua kuelekea upande unakotoka upepo, ili vumbi lisipeperushiwe kwenye jiko, Kornelia akimfuata nyuma. Hatua ya thelathini anasimama, anachomeka kijiti ardhini.

"Upepo wa sasa unatoka mlimani," anasema Kornelia. "Wa Oktoba unatoka kule."

Wanatazama kule, kisha wanatazama mlimani. Gaudensia anapima kwa macho kutoka kwenye kijiti hadi kwenye mlango wa kiwanda, anarudia tena kutoka upande mwingine.

Mwandishi anamuuliza kama hatua thelathini zinatosha.

"Sijui," anasema Gaudensia. Anang'oa kijiti na kuendelea kuhesabu.